Hewa ya Jiko Lililoongezwa

Katika miji ya Uingereza, ambako nyumba nyingi zimejengwa safu kwa safu zikishirikiana kuta, mwenye kutaka jiko kubwa aghalabu hana njia illa kulisogeza nyuma, kuelekea uani. Na kwa kufanya hivyo huliziba dirisha la chumba kilichokuwa kikiutazama ua huo. Hapo ndipo penye kiini cha mas'ala yetu, kwamba nyongeza hii, ambayo wengi huidhania kuwa ni kazi ya matofali na paa tu, hukinyima hewa chumba cha zamani kabla ya kukipatia kile kipya.

Sheria yenyewe ni fupi, kwani yataka tu hewa iwatoshe wakaao. Tafsili yake imo katika mwongozo wa Sehemu F ya Kanuni za Ujenzi, ambao toleo lake la 2021 lilianza kutumika tarehe 15 Juni, 2022. Mwongozo huo waigawa kazi mafungu matatu: kuutoa mvuke pale pale unapozaliwa, kuingiza hewa kidogo kidogo usiku na mchana, na kukisafisha chumba kwa haraka pindi chakula kiunguapo.

Kwa fungu la kwanza, feni iliyo juu ya jiko hutakiwa itoe lita 30 kwa sekunde, na iliyo mahali pengine chumbani lita 60, maana mvuke uliokwisha kutawanyika hautoki illa kwa kuhamisha hewa nyingi zaidi. Mitambo inayouchuja moshi na kuurudisha chumbani haihesabiwi, kwa kuwa huyanasa mafuta na kuuacha unyevu.

Fungu la pili hudharauliwa, ilhali hewa itokayo lazima irithiwe na nyingine: feni ikikosa matundu ya kuingizia, yaliyo juu ya madirisha, yaweza kuvuta kupitia bomba la moshi la hita ya gesi, ikairudisha ndani ile gesi ya sumu iliyokusudiwa kutoka.

Ama fungu la tatu, jiko ambamo watu hula pia hutosheka kwa dirisha lifungukalo digrii 30 au zaidi, lenye uwazi usiopungua sehemu moja ya ishirini ya sakafu. Chumba kilichopoteza dirisha chaweza kupata hewa kupitia jiko hilo, kwa sharti pawe na uwazi wa kudumu baina yao, uliopimwa kwa kipimo hicho hicho juu ya sakafu zote mbili. Kikiwa cha zamani mita za mraba 12 na kipya 20, uwazi utakiwao ni mita ya mraba 1.6, na mlango wa kawaida wa huko, wa milimita 762 kwa 1,981, haufikii hapo hata ukiachwa wazi, seuze ukifungwa. Basi anayeubomoa ukuta wa kati wote na kuutegemeza mzigo wa ghorofa kwa boriti ya chuma hapati nafasi tu, bali hupata na hewa. Na anayeuacha, aupime uwazi wake kabla ya kumwita mwashi.