Takhmisi, Filamu na Suala la Idhini

Mwanafunzi wetu mmoja, mkazi wa West Indies hapa Eldoret, aliuliza: bendi ya roki ikitaka kupachika usemi wa filamu katika wimbo wake, imwombe nani idhini? Kwa mtazamo wetu, upachikaji huo ni jamaa ya takhmisi, ambamo mtunzi huongeza mishororo mitatu kwa miwili ya mwenziwe. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa takhmisi humjua mtunzi wa awali. Mkataba humjua mmiliki. Tulimjibu kwamba bendi imwandikie mwenye hati, kisha imtafute mwenye sauti, kwani hao si mtu mmoja daima. Wimbo uliotokana na “Mbube” wa Solomon Linda (1939) ulitiwa katika The Lion King (1994) kwa idhini ya kampuni iliyouhodhi. Mabinti wa Linda, aliyefariki mwaka 1962 akiwa fukara, walifikia maafikiano na kampuni hiyo mwaka 2006.