Mwenye Kudai Alete Bayyina: Kitabu cha Grzimek na Ngorongoro

Mafaqihi wamekubaliana kuwa mwenye kudai ndiye anayewajibika kuleta bayyina. Kanuni hii si ya mahakama ya kadhi peke yake. Mwandishi anayetaka kumkinaisha msomaji naye ni mdai, na msomaji ndiye kadhi.

Tukipime kwa mizani hiyo kitabu cha Profesa Bernhard Grzimek kilichotoka Ujerumani mwaka 1959, ambacho jina lake lina maana ya Serengeti Isife. Yeye na mwanawe Michael, aliyefariki katika ajali ya ndege Januari 1959 na kuzikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, waliwahesabu wanyama kutoka angani.

Kitabu kina madai mawili. La kwanza ni kuwa mipaka mipya iliyopendekezwa haikulingana na njia za nyumbu. Dai hili lina dalili: waliruka, wakahesabu, wakayafuata makundi. Mwenye shaka aliweza kuirudia kazi yao.

La pili ni kuwa binadamu na mifugo yake hawafai kukaa ndani ya hifadhi. Hapa mwandishi anaacha hesabu na kushika huruma. Msomaji analia, lakini machozi si bayyina.

Bayyina ilikuja baadaye. Grzimek alipata nyumbu karibu 100,000. Hesabu ya mwaka 1977 ilipata zaidi ya milioni moja. Watafiti wameeleza kuwa sababu kubwa ni kutoweka kwa sotoka baada ya ng'ombe wa wafugaji kuchanjwa. Basi chanjo ya mshitakiwa ndiyo iliyomwokoa mlalamikaji! Na mwaka 1991 Homewood na Rodgers walionesha kuwa ng'ombe wa Ngorongoro hawakuongezeka sambamba na watu. Hayo hayathibitishi kuwa mifugo haidhuru kamwe. Yanathibitisha kuwa hukumu ilitangulia ushahidi.

Na hukumu hiyo iliwagusa watu. Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959, wakatolewa ndani ya kreta mwaka 1974, na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni.

Ndugu yangu imamu wa Karatu, Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kabla hujapanda mimbari na dai juu ya Ngorongoro, liwe la upande wowote, uliza: nani alihesabu, lini, na kwa njia gani? Likikosa jibu, liache chini ya mimbari.

Wallahu a'lam.