Taharuki ya Miaka 35: Hadhira na Filamu ya "Blade Runner"

Filamu ya Ridley Scott, "Blade Runner" (1982), iliiachia hadhira swali: je, Deckard, mwindaji wa binadamu bandia, naye ni bandia? Toleo la 1992 liliongeza ndoto ya farasi wa pembe moja, iliyodokeza kwamba kumbukumbu zake zimepandikizwa. Scott alishikilia kuwa ni bandia. Harrison Ford, aliyemwigiza, kwa muda mrefu alimtetea kuwa binadamu. Hadhira, basi, haikungojea tu mwendelezo, iliutunga. Filamu ya Denis Villeneuve, "Blade Runner 2049", ilipotoka mwaka 2017, haikutoa jibu. Anayeona hiyo ni kasoro ya fani amekosea. Jibu lingeifuta kazi ambayo hadhira ilikuwa imekwisha kuifanya.