Gari la Deraya la Kiholanzi kwenye Matope ya Kasulu

DAF M39 ni gari la deraya ambalo Waholanzi walilipata wakiwa wamechelewa. Jeshi lao liliagiza magari 12 tu, na Wajerumani walipovamia tarehe 10 Mei 1940, hata hayo machache hayakuwa tayari yote kwa vita. Yaliyotekwa yaliendelea kutumika, safari hii upande wa Wajerumani. Kwa historia fupi namna hiyo, ungedhani lingesahaulika. Lakini wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika, ile inayochezwa mezani kila mtu akiwa na mhusika wake na dadu zikiamua, wanaweza kulipenda sana.

Sababu iko kwenye umbo lake. Bodi imechomelewa ikawa kitu kimoja bila chasisi, na mabati yake yameinamishwa ili risasi iteleze. Juu kuna mzinga wa milimita 37. Chini ya pua kuna vigurudumu viwili vidogo vya kulisaidia lisikwame linapopanda tuta. Na nyuma ameketi dereva wa pili: mambo yakiharibika mbele, gari linaondoka kinyumenyume bila kugeuza.

Sasa, haya yanaingizwaje mchezoni? Tuchukue kanuni za GURPS, zilizotoka mwaka 1986. Unarusha dadu tatu. Jumla ikiwa sawa na ujuzi wako au chini yake, umefanikiwa. Dereva mwenye ujuzi wa 12 anafaulu mara 74 katika kila 100. Waandaaji wengi wa michezo hii hutumia jioni nzima kubishana kuhusu unene wa chuma na nguvu ya mzinga, kisha hapo kwenye uendeshaji wanaandika tarakimu moja na kupita. Mimi naona wamegeuza mambo.

Lipeleke gari hilo, kwa kufikirika tu maana halikufika huku, kwenye njia ya Kasulu kwenda Kibondo, magharibi mwa Tanzania, kabla lami haijafika. Ni masika, udongo mwekundu umelainika, na mlima uko mbele. M39 ina magurudumu sita, lakini injini inasukuma manne ya nyuma peke yake; ya mbele kazi yake ni kuelekeza tu. Dereva yeyote wa lori wa Buha, yaani wa eneo hilo, atakwambia kitakachofuata: pua inakwenda inakotaka, mkia unafuata mtaro. Mpunguzie dereva wetu pointi nne kwa ajili ya utelezi huo. Sasa anahitaji 8, na nafasi yake imeshuka hadi 26 katika 100. Hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja. Kisha kuna Mto Malagarasi, na gari lina uzito wa tani sita hivi. Daraja la magogo linabeba tani ngapi? Swali hilo litawashughulisha wachezaji kuliko mizinga kumi.

Yule dereva wa nyuma naye ndiye mtihani wa mwandaaji. Mchezaji hawezi kukaa saa tatu akingoja gari lirudi nyuma. Mpe kazi ya kutazama njia waliyotoka, kuhesabu mafuta, na kushuka kupima kina cha matope. Hapo amekuwa mtu.

Anayedhani napuuza silaha aitazame meli iliyoko Kigoma, chini ya milima hiyohiyo. Graf von Götzen, meli ya Wajerumani, ilizinduliwa kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikapewa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Mwaka uliofuata mzinga ukahamishiwa kwingine, ukawekwa wa bandia wa mbao, na Waingereza waliendelea kuiogopa. Kwenye fomu ya mchezo, nguvu ya silaha ingesomeka sifuri, wakati ziwani ilikuwa bado inatisha. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi nzito. Grisi hiyo haina safu kwenye fomu yoyote niliyowahi kuiona, lakini ndiyo iliyofanya meli iopolewe mwaka 1924 na kuanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo ukiandaa mchezo wako, anza na barabara, daraja, mafuta na umbali wa karakana. Unene wa chuma ujaze mwisho.