Padri Lemaître na atomu ya kwanza

Kitabu cha Padri Georges Lemaître, L'Hypothèse de l'atome primitif (1946), chatajwa katika mahubiri na watu wengi wasiokisoma. Wanasema: ulimwengu ulitoka katika atomu moja iliyopasuka, ulikuwa na mwanzo, basi materialismu imeshindwa. Padri mwenyewe, mwalimu wa Louvain, hakufundisha hivyo. Mwaka 1958, huko Bruxelles, alieleza kwamba elimu hiyo yamwachia mwenye materialismu uhuru wa kukana Mungu.

Nasi twaona alisema haki. Mwenye fizika hupima namna makundi ya nyota yanavyotengana, akarudi nyuma toka hali moja ya vitu mpaka hali nyingine ya vitu. Kuumba pasipo kitu hakupimwi. Kosa la materialismu li papo hapo: yasema kisichopimika hakipo, na neno hilo lenyewe haikulipima popote. Lakini kwa kuikimbia tusiangukie idealismu, isemayo vitu ni mawazo tu. Nyota zilikuwako mbele ya mtu wa kuzihesabu.

Lawama yetu kwa kitabu ni moja, lile jina «atomu». Msomaji adhani ni punje fulani, nayo iliwekwa mahali fulani, Mungu akiitazama.