Bi Katibu na ngwe zake

Ngwe ni neno ambalo siku hizi tunalisikia kwenye matangazo ya mpira kuliko shambani. Kwa wazee ngwe ilikuwa kamba, kisha ikawa kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba hiyo na kukabidhiwa mtu alime. Nilipofika Uingereza nikakuta watu wa mjini, wengi wao hawana hata uwanja nyumbani, wanakodi vipande vya ardhi vya kulimia mboga, vimepangana kwa makumi kando ya reli na nyuma ya makaburi. Sikuhangaika kutafuta tafsiri. Mwingereza alipima kwa fimbo tu badala ya kamba: rodi yake ni mita 5 na ushei, na ngwe kamili ya jadi ni rodi 10 za mraba, kama mita za mraba 250.

Bustani tunayolima sisi ina lango moja, mabomba manne na katibu mmoja. Ni mama wa makamo ya bibi yangu, na moyoni namwita Bi Katibu. Halipwi. Kanuni zake zinaenea kwenye karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa banda la zana: njia kati ya ngwe na ngwe iwe pana kiasi cha kupitisha toroli, mpira wa maji usiachwe ukijimwagia, moto usiwashwe kiangazi, mti usimtie jirani kivuli, lango lifungwe. Mtu yeyote angeweza kuziandika. Kazi iko katika kuzitumia.

Mara tatu kwa mwaka hupita ngwe moja moja na daftari lake. Mwanzoni nilidhani anahesabu magugu. Kumbe ngwe iliyopumzishwa na ngwe iliyotelekezwa zinafanana ukizitazama kwa mbali, na ubingwa wake ni kuzitofautisha. Siku moja nilimfuata. Tulifika kwenye ngwe iliyofunikwa yote kwa turubai jeusi, hakuna jani hata moja la kuliwa. Aliinama, akainua pembe ya turubai, akachokoa udongo kwa kidole. Ulikuwa mweusi, umelegea, na minyoo miwili ikajirudisha ndani upesi. Akafunika, akapiga alama ya vema. Ngwe ya tatu kutoka hapo nayo ilikuwa na turubai kama lile, lakini chini yake mizizi myeupe ilikuwa imesukana kama mkeka. Huyu wa pili alikuwa amefunika aibu yake.

Kisha kuna habari ya mbegu. Akikuta magugu marefu, hushika kichwa cha gugu kati ya vidole viwili na kusugua. Likiwa bado bichi, hupita bila neno, maana hiyo ni shida ya mwenye ngwe. Zikimdondokea mbegu kiganjani, shida imeshakuwa ya jirani, kwa kuwa upepo hausomi kanuni za mlangoni. Hapo ndipo anapoandika jina.

Na akiandika jina, haendi kupeleka barua. Hupiga simu kwanza, hujulia hali, husema hatujakuona siku nyingi. Mara nyingi kuna mgonjwa nyumbani, au mtoto mchanga, au kazi ya zamu za usiku. Barua huja mwezi unaofuata, na ikija huwa fupi. Kati ya simu na barua ndipo anapotoa pendekezo la kugawa ngwe: mwenyewe abaki na rodi 5, nyingine 5 zipewe aliyeko kwenye foleni. Nilimwona akigawa moja, kwa kamba na mambo mbili. Wapo ambao wangekata kwa upana, kwa sababu ni rahisi. Yeye alikata kwa urefu, ili kila mmoja abaki na mdomo wake kwenye njia na asiwepo wa kumpitia mwenzake mchichani.

Mchicha nao ulinipeleka mbele yake. Majira yangu ya kwanza uliota kila mahali, na jirani akashtaki kwamba nafuga magugu. Hakukosea sana, kwani mmoja wa jamaa za mchicha ni gugu linalochukiwa huko. Bi Katibu alikuja, akachuma jani, akauliza linaitwaje na linapikwaje. Nikamweleza habari za nazi. Akaandika jina daftarini, herufi kwa herufi, chini ya mumunye ya mama Mbangladeshi wa kona ya mashariki, kisha akanitaka niukate kabla haujatoa mbegu. Kanuni ilibaki ile ile.

Simsifu kwa yote. Kuna mzee ana banda kubwa kuliko ruhusa, na kila ukaguzi Bi Katibu hulipita akitazama upande wa pili. Nadhani ni urafiki wa zamani. Hapo sikubaliani naye.

Sheria za nchi anazijua kwa miaka yake. Ya 1908 inazitaka halmashauri zitoe ngwe pale wakazi wanapozihitaji. Ya 1922 inasema mazao yawe hasa ya kuliwa na mlimaji na familia yake. Ya 1925 inazuia ardhi iliyotengwa kwa ngwe isiuzwe bila idhini ya waziri. Mimi naipenda ya 1950, inayoruhusu kufuga sungura na kuku, ila imetaja tetea peke yao. Jogoo hakupewa ruhusa, na wanaolala karibu na uzio hawajalalamika.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliwahimiza watu walime, na ngwe zikapita milioni 1. Leo zimebaki laki 3 hivi, na katika miji mikubwa foleni huchukua miaka. Kwa hiyo wewe uliyehamia huko na unatamani kisamvu na majani ya maboga, peleka jina lako kwa katibu wa karibu wiki hii. Kisamvu, nakwambia mapema, baridi itakiua. Maboga yatakubali.