Maswali ya Kompyuta Ndogo

Miongoni mwa kazi za mikono zilizoingia nchini mwetu kimya kimya, bila ya tarumbeta wala hotuba ya mkubwa yeyote, iko moja ambayo kwa rai yangu haijapata kupewa heshima inayoistahili: nayo ni kazi ya kuitwaa kompyuta ndogo ya kupakata, ile ya kioo cha inchi 10 au pungufu, ambayo mwenyewe amekwisha kukata tamaa nayo na kuisukumia uvunguni mwa kitanda, kuipangusa vumbi, kuiondolea mfumo mzito uliokuwa ukiilemea, na kuisakinishia mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, ulio mwepesi, ulio wazi, na usiomdai mtu ada. Wengi huidhani kazi hii kuwa ni siri ya mafundi wa Nairobi na Mombasa. Mimi naiona kuwa ni sanaa kamili, yenye kanuni na adabu zake, inayofaa kusomwa hapa Mraru, katika nchi hii ya Voi iliyoko baina ya milima ya Taita na nyika ya Tsavo, sawasawa na inavyofaa kusomwa katika chuo kikuu chochote. Kwa sababu usakinishaji, ukiutazama kwa nadhari, ni mfululizo wa maswali ambayo mashine humwuliza binadamu, na binadamu hana budi kuyajibu kwa kujua.

Mashine zenyewe si za zamani sana. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC 701, yenye kioo cha inchi 7, isiyofika uzito wa kilo 1, yenye megabaiti 512 za kumbukumbu na gigabaiti 4 tu za kuhifadhia, nayo ilitoka kiwandani ikiwa na Linux, mfumo wa ukoo huo huo wa Unix, ndani yake, jambo lililokuwa geni wakati ule kwa bidhaa ya dukani. Mwaka uliofuata zikaja nyingine za namna hiyo, za Acer na Dell na wengineo, aghalabu zikiwa na kichakataji cha Intel Atom N270 na gigabaiti 1 ya kumbukumbu, na huku kwetu zikatufikia mpya na kuukuu, baadhi yake zikiwa hidaya ya jamaa walioko ng'ambo. Enzi yao haikudumu. Mifumo ya kawaida ilizidi kunenepa mwaka hata mwaka, simu za mkononi zikashika nafasi, na mwisho hata marafiki wa kale wakaanza kuziaga: Debian, ya jamii ya Linux, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na ambayo kwa muda mrefu ilikuwa kimbilio la kila mashine kongwe, ilipotoa toleo lake la 13 mwaka 2025 haikutoa tena kisakinishi cha vichakataji vya biti 32, na N270 ni kimojawapo. Walakini NetBSD na OpenBSD, vizazi vya ile Unix iliyolelewa katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, bado huzifungulia mlango. Nami nimeshikamana na OpenBSD, mradi ulioanzishwa na Theo de Raadt huko Calgary, Kanada, mwaka 1995, ambao hutoa toleo jipya kila baada ya miezi 6, na ambao kisakinishi chake hakina picha wala mapambo, ila maandishi matupu.

Wala asidhani mtu kwamba kuitia Unix katika mashine dhaifu ni kuidhalilisha. Unix ilizaliwa katika ufinyu. Mwaka 1969, baada ya maabara ya Bell kujitoa katika mradi mkubwa wa mfumo wa Multics uliokuwa umekula fedha na miaka, Ken Thompson, mtafiti wa maabara hiyo, aliitwaa mashine ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi, ambayo kumbukumbu yake, kwa hesabu ya leo, haikuzidi kilobaiti 18, na katika muda wa majuma machache, mkewe akiwa amesafiri na mtoto wao kwenda California, akaiandikia kiini cha mfumo, na ganda la kupokelea amri, na kihariri cha maandishi, na programu ya kuyageuza maagizo yake yawe lugha ya mashine. Kompyuta ndogo yenye gigabaiti 1 ina kumbukumbu zaidi ya mara 50,000 ya ile. Ile desturi ya Unix isifiwayo hata leo, ya kila programu kufanya jambo moja na kulifanya vizuri, kisha kuikabidhi nyingine matokeo yake, ilistawi kwa watu ambao hawakuwa na nafasi ya kuweka ziada; na ndiyo maana mtu anayeisakinisha katika mashine hizi anairudisha, kwa namna fulani, nyumbani kwao.

Kazi huanza kabla ya kompyuta kuwashwa. Hapa kwetu, ambapo vumbi jekundu huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, hufunguliwa skrubu za chini na feni ikasafishwa kwa brashi laini, maana mashine isiyopumua itazimika katikati ya safari kwa joto la Voi. Kisha hupakuliwa faili la usakinishaji, usiku ikiwezekana, wakati bando ni rahisi na mtandao umetulia, na likiisha kufika halisadikiwi kwa kutazamwa tu, bali hupimwa kwa hesabu ya SHA256, na tarakimu zinazotoka hulinganishwa na zile zilizotangazwa na wenye mradi, hadi ya mwisho. Baada ya yakini hiyo huandikwa katika flashi kwa amri iitwayo dd, amri fupi isiyomwuliza mtu kama amekusudia, ambayo itafuta kwa uaminifu ule ule diski iliyotajwa kwa kusudi na iliyotajwa kwa bahati mbaya. Fundi mwema huisoma amri hiyo toka mwanzo hadi mwisho kabla ya kubonyeza. Napenda sana kwamba sanaa hii humtaka mtu asome kwa makini kabla haijampa chochote.

Ndipo maswali yaanzapo. Kompyuta huuliza kwanza mpangilio wa kibodi, kisha huuliza jina lake yenyewe, na hapa nimeona vijana wakicheka kwa furaha, wakiipa majina ya milima wanayoiona kila siku, Sagalla, Kasigau, Mbololo, na tangu saa ile jina hilo hutangulia kila amri itakayoandikwa humo. Huuliza mtandao, na swali hili lina ugumu wake, kwa kuwa vipokezi vingi vya waifai huhitaji faili la mtengenezaji ambalo kisakinishi hakina ruhusa ya kulibeba, na faili lenyewe hupatikana mtandaoni. Aliye mjini huchomeka waya, na aliye Mraru huunganisha simu yake kwa waya wa USB, nayo simu ikawa mlango. Huuliza neno la siri la msimamizi mkuu, yule aitwaye root, mwenye mamlaka juu ya kila kitu humo ndani. Kisha humtaka mtu ajifanyie jina la pili, la raia wa kawaida, alitumie kwa shughuli za kila siku, ili mamlaka yale yasishikwe ila kwa dharura. Sijui somo la utawala lililofupishwa vizuri zaidi ya hapo.

Halafu huuliza saa za mahali, na jibu letu ni Africa/Nairobi, maneno mawili yanayoandikwa kwa haraka na kusahauliwa. Lakini nyuma ya maneno hayo kuna faili linalotunzwa na wataalamu wa dunia nzima, na ndani yake imehifadhiwa tarehe ya saa zetu: kwamba hadi mwaka 1908 Nairobi ilifuata jua lake, saa 2 na dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich, kisha ikawa saa 2 na nusu, mwaka 1928 ikawa saa 3, na mwaka 1930 ikarudishwa nyuma, kuanzia mwaka 1937 ikawa saa 2 na dakika 45, na mwaka 1942, katikati ya vita, ikawekwa saa 3 tuliyo nayo mpaka leo. Mzee wa Taita aliyezaliwa mwaka 1940 alizaliwa chini ya saa ambayo wajukuu zake hawaijui, na kompyuta kuukuu ya kijijini inaikumbuka.

Swali zito kuliko yote ni la diski. Mashine itapendekeza namna ya kuigawa, na mgeni anaruhusiwa kukubali, lakini ustadi umo katika kuelewa kwa nini sehemu ni nyingi: kwamba kumbukumbu za matukio zina chumba chao ili zikifurika zisiuzibe mfumo mzima, kwamba mafaili ya mtu yanakaa mbali na mafaili ya mfumo ili moja likiharibika jingine lisalimike, kwamba sehemu ya kupokezana na kumbukumbu yafaa iwe ndogo katika diski za zile Eee PC za kwanza, kwa kuwa uandishi mwingi huzichakaza. Kisha huletwa orodha ya mafungu ya mafaili, kila moja likiwa na alama, na mtu huondoa asilolitaka. Wengine hukata kila kitu wapate nafasi. Mimi huondoa michezo, na kamwe siondoi fungu la vitabu vya maelezo.

Kwani asiye na maelezo ni abiria tu katika mashine yake, na Mraru haihitaji kufundishwa tofauti iliyopo baina ya kupanda chombo na kukimiliki. Katika miaka ya 1970 wanawake wa hapa, waliokuwa wakiachwa kando ya njia kwa kuwa mabasi ya kwenda Voi yalikuwa yakifika yamejaa, walichanga fedha kidogo kidogo hata wakanunua basi lao wenyewe, na habari yao ikachapwa katika kijitabu huko New York mwaka 1980. Mwenye basi hujua bei ya mafuta, na hali ya magurudumu, na nani wa kuitwa likikwama. Na aliyesakinisha kompyuta yake kwa mkono wake hujua kila kilichomo, maana kila kilichomo aliulizwa yeye, na jibu lilikuwa lake.

Na vile vitabu vya maelezo nisivyoviondoa ndivyo fadhila kubwa ya mfumo huu kwa mtu wa mbali. Hukaa ndani ya diski, na amri ya man huvifungua bila ya bando wala mtandao, umeme ukiwa umekatika na betri ikiwa ingali hai. Kila programu ina ukurasa wake, ulioandikwa na watu wanaouhesabu upungufu wa maelezo kuwa ni kasoro ya programu yenyewe. Huzuni yangu ni kwamba vimeandikwa kwa Kiingereza, kama yalivyo maswali ya kisakinishi. Haikupaswa kuwa hivyo daima: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ukaiita Jambo, na kuthibitisha kwamba lugha yetu ina wasaa wa kutosha kwa mambo haya. Natamani kuona kazi ile ikiendelezwa katika kurasa za man, na naamini wapo walimu katika kaunti hii wawezao kuishika.

Yatupasa kusema ukweli juu ya mipaka. Kivinjari cha siku hizi kitaielemea mashine yenye gigabaiti 1, na asiye na haja ila ya video asijisumbue. Bali kwa kuandika, kwa daftari la hesabu za chama, kwa kusoma, kwa kujifunza lugha ya C katika mfumo ulioandikwa kwa C, inatosha na kubaki.

Kazi ikiisha, flashi ikaondolewa na mashine ikawashwa upya, msimamizi mkuu hukuta barua ikimngojea katika sanduku lake, imeandikwa kwa jina la Theo de Raadt. Humkaribisha, humwelekeza kwenye ukurasa uitwao afterboot apate kujua la kufanya, na kabla ya kuagana humwomba jambo: atume nakala ya maandishi ya dmesg, yale yanayotaja kila kiungo ambacho mfumo umekitambua katika mashine yake. Wenye mradi huyakusanya ili wajue ni vyombo gani bado vinatumika duniani. Kwa kompyuta za N270, ambazo wengine wamekwisha kuzifungia mlango, ombi hilo lina uzito, na kila aliyesakinisha hapa Mraru namsihi alitekeleze: aiweke sawa barua pepe yake, aiunganishe simu, na aitume orodha hiyo Kanada, kichakataji na kipokezi na diski, vyote vikiwa vinafanya kazi.